Kiwanja cha Layeni: mawe, upepo na samaki

Wengi mmeniuliza zile picha za milingoti ya goli kando ya ziwa nilipigia wapi, sa wacha niseme mara moja niishe. Ni Layeni, kijiji cha Waelmolo, mashariki mwa Ziwa Turkana, juu kidogo ya Loiyangalani. Kwa wasiojua, hawa ni wavuvi na ni wachache ajabu, sensa ya 2019 iliwahesabu 1,104, yaani wote wakiingia uwanja wa Kasarani hawajazi hata upande mmoja. Wengi wao siku hizi wanaongea Kisamburu, Kielmolo chenyewe kimebaki maneno maneno.

Mimi ni fundi wa mjengo Nakuru. Beshte yangu anafundisha huko, akanipigia, "Fundi, kuna vijana hapa wanataka kiwanja cha mpira, pesa hakuna lakini samaki utakula." Nikaenda. Ukikata kona Laisamis unakula vumbi siku nzima, South Horr, alafu Sarima unakutana na zile feni kubwa za stima, ziko 365, na mimi badala ya kujiuliza mbona wakaziweka hapa nikatoa simu nikapiga picha.

Jibu nililipata ile usiku ya kwanza. Upepo wa huko unatoka kusini mashariki na unavuma usiku kucha kama mtu anavuta mabati, mpaka jua lipande ndio unapoa kidogo, na ukipoa joto nalo linaingia. So kazi ilikuwa kupambazuka mpaka kama saa nne, tena jioni. Katikati unalala chini ya mkoma na unajuta.

Sa, plani yangu. Nilikuwa nimechora kwa daftari, mita 90 kwa 45, ndio ndogo kabisa sheria inaruhusu, magoli yaangalie kaskazini na kusini ili jua la jioni lisimpige kipa machoni. Hivyo ndivyo viwanja hujengwa. Na nilikuwa nimechagua pale chini kwa ufuo, tambarare safi. Mzee mmoja akaangalia daftari, hakusema kitu, akaitisha mpira kwa mtoto akaurusha juu. Wueh. Ukaruka, ukadunda mara mbili, ukaingia majini, kijana akaufuata akiogelea.

"Fundi," akaniambia, "hapa utakuwa unacheza na samaki."

Alafu akanionyesha lile la ufuo nalo. Ziwa limepanda miaka hii, Komote hapo jirani palikuwa nchi kavu ukienda kwa miguu, saa hii ni kisiwa, unaenda na boti. Mimi nilitaka kuwajengea kiwanja cha samaki kweli.

Basi tukapanda juu kwa mteremko, na huko ndio kuna mawe. Si mawe ya kokoto, ni yale meusi ya volkano, moja kama kichwa, lingine kama mbuzi amelala. Tulipanga laini, watoto wa shule, vijana, wamama, jiwe linatoka mkono kwa mkono. Wilbaro ilikuwa moja na gurudumu likatoboka siku ya pili, tukabaki na makarai. Wiki tatu ni mawe tu, na ukidhani umemaliza, asubuhi upepo umefagia mchanga unaona mengine yamechungulia. Rundo moja sikuruhusiwa kugusa, nikaambiwa kuna mtu amezikwa. Ndio maana kona ya kushoto imekatwa, wale mnaouliza kwa komenti kama nilikosea kupima, sikukosea.

Kiwanja tukakilaza na upepo, si kuukata. Hivyo kila timu inapata kipindi kimoja ya kusukumwa na moja ya kusukumana nao, haki sawa. Upande upepo unapotokea tukajenga ukuta na yale mawe yetu, unafika kiunoni, ndio pia stendi, watu wanaukalia. Mashimo ya milingoti yalikula mtaimbo mpaka ukapinda. Neti sikununua hata moja, wavuvi walishona nyavu zao kuukuu usiku mmoja wakipiga stori, na nyuma ya goli la upande wa ziwa wakaweka ingine ndefu ya kudaka mipira. Chokaa ya kuchora laini ilipeperuka tukiangalia, ikatufanya nywele mvi. Tukachimbia kamba za uvuvi badala yake, mpaka leo ziko.

Mechi ya kwanza iliwekwa saa kumi, upepo ukiwa umelala. Nafika na filimbi shingoni, refa ni mimi, nakuta kiwanja kizima kimeanikwa samaki. Kizima! Penalti eria, katikati, kila mahali ngege wamepasuliwa wamelala kifudifudi. Nikachemka, nikauliza nani ameruhusu hii. Mama mmoja akaniangalia tu, "Mwanangu, si mmetoa mawe? Mahali pengine pasafi hivi ni wapi?"

Sikuwa na jibu, kwanza hao ndio walibeba mawe mengi kuliko hizo timu zote mbili. Tukangoja. Wakakusanya samaki wao polepole, hakuna haraka, tukaanza saa kumi na moja kasoro, na kipa wa wageni alicheza mechi nzima akibandua magamba kwa magoti.