Sista wa Zamu

Neno la wiki: Luka 10:25–37

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatano baada ya ushirika mama mmoja alinivuta kando akaniuliza: hospitali iliyoanzishwa na watu wa Mungu, na sasa ni ya serikali, wakitaka kuling'oa jina la mtakatifu langoni, sisi tunyamaze? Machozi yalikuwa karibu. Jina hilo liko kwenye kadi za kliniki za watoto wake wote, na kadi hizo bado amezitunza.

Si jambo geni. Kule London, hospitali ya Mtakatifu Thomas ilihudumiwa na mabruda na masista wa Kiagostino, ikiitwa kwa jina la Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa kanisani Canterbury mwaka 1170. Mwaka 1538 mfalme Henry VIII akatangaza kwamba Becket si mtakatifu tena, kisha hospitali ikafungwa. Ilipofunguliwa mwaka 1551 mikononi mwa jiji, iliitwa Thomas vilevile, ila sasa ni Thomas mtume! Jirani yake, Mtakatifu Bartholomew, iliyoanzishwa mwaka 1123, mfalme huyo aliipa jina rasmi la Nyumba ya Maskini. Watu hawakulishika, hadi leo ni Bartholomew. Hata hapa kwetu, Hospitali Kuu ya Pwani imebadilishiwa jina la kiofisi, lakini mwambie wa tuktuk "Makadara" uone kama atakuuliza mara ya pili.

Ila sisi wa Mombasa tuna somo zito zaidi, na tunalipita kila tukienda Mji wa Kale. Mreno alianza kuijenga ngome ile, Fort Jesus, mwaka 1593, akaiita kwa jina la Yesu. Jina lipitalo kila jina, akaliweka juu ya mizinga. Mwomani akaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mwingereza akaigeuza gereza tangu 1895 hadi 1958. Jina limebaki. Miaka yote hiyo watu walifungiwa mle, ndani ya jina la yule aliyesema, "nalikuwa kifungoni, mkanijia." Nikipita pale moyo huniuma, na ndipo ninapojiuliza tunalilia nini hasa tunapolilia kibao.

Mamangu alipolazwa hospitali ya serikali hapa mjini, wodini hamkuwa na msalaba wala jina la mtakatifu. Sukari ilikuwa imemtia kidonda unyayoni. Asubuhi moja nilifika mapema na themosi ya uji, nikamkuta muuguzi, binti wa Kiislamu, amechutama kando ya kitanda, ncha za hijabu amezichomeka shingoni zisilowe. Alijaribu maji ya karai kwa kiwiko, akaongeza ya baridi kidogo. Kisha akamwosha mama miguu, kidole baada ya kidole, akikausha katikati kwa kitambaa, polepole, kama mtu asiye na wagonjwa wengine. Nao walikuwa tele. Mzee wa upande wa pili wa korido akaita, "Sista!" Akaitika bila kuinua kichwa, "Naja, baba."

Sista. Neno hilo lilitoka kwa watawa wa kike waliouguza wagonjwa zamani. Binti yule amelirithi, na alilitendea haki.

Sasa mtazameni Msamaria. Hatujui jina lake. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili na agizo: "Mtunze huyu." Hakudai mlango uandikwe kuwa yeye ndiye aliyelipa. Wazee wetu waliokabidhi hospitali kwa serikali waliacha agizo hilohilo. Leo kodi ya kila mtu inaziendesha, ya Mwislamu, ya Mhindu na yetu, kwa hiyo sitawaambia mwende kupigania kibao. Nitakayoyapigania ni haya mawili: historia ya waliochimba msingi isifutwe, maana kuificha ni kuwadhulumu marehemu, na agizo lile tulishike wenyewe.

Jumamosi akina mama wanakwenda wodi ya wanawake saa ya kuona wagonjwa. Leteni sabuni za kipande, mafuta ya kujipaka, na nepi za watu wazima. Sista wa zamu ameomba pia makarai mawili. Yaliyopo yamepasuka.