Simu ya mama mdogo

Wiki hii kaka amepeleka posa Machame, mkataba wa ofisi umeongezwa mwaka mwingine, na gari la bosi limegongwa pale karibu na mnara wa saa, Moshi mjini. Lakini kichwani mwangu kuna neno moja tu la mama mdogo, na haliondoki.

Jumamosi nilikuwa Uru, kwenye chama cha msingi, kahawa inapimwa. Mama mdogo alishusha gunia lake la maganda, karani akalitundika kwenye mzani na kuingiza kilo kwenye programu ya simu tuliyoitengeneza ofisini kwetu, ambayo mkulima naye huona kilo zake. Mama mdogo akataka kuziona kwenye simu yake, kama msimu uliopita. Simu ilikuwa imejaa picha, binamu yangu akaisafisha na kufuta kila kitu, kwa hiyo ikabidi apakue upya. Play Store, duka la programu la Google, ikamwambia kifaa chake hakioani na toleo hili.

"Mwanangu, simu yangu imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, mama mdogo. Ni ya zamani tu."

"Na mimi ni wa zamani. Mbona kahawa yangu mnaipokea?"

Hakuwa na hasira. Alisema huku akikung'uta vumbi la maganda kwenye kitenge, macho yakiwa kwenye mshale wa mzani. Nimelirudia swali lile kwenye Hiace, jikoni, hata kanisani wakati wa matangazo. Kila jibu ninalolipata ni la kifundi, na yeye hakuuliza ufundi.

Simu yake ni Android 6, ya mwaka 2015. Tulipopandisha toleo la fremuweki, yaani kiunzi tunachojengea programu, mwezi uliopita, toleo jipya likataka kuanzia Android 7. Ofisini wanasema Google ndio waliotulazimisha, na hapo ndipo ninapokataa kabisa. Google walichotaka ni kwamba kuanzia tarehe 31 Agosti 2025 kila programu mpya na kila sasisho lilenge Android 15, yaani lifuate kanuni zake. Hiyo ni dari. Sakafu, yaani simu ya chini kabisa tunayoikubali, tunaipanga sisi wenyewe. Fremuweki ndiyo iliyoinyanyua sakafu, na sisi ndio tuliochagua fremuweki, msimu wa kahawa ukiwa katikati!

Jumanne nikamwambia bosi hivyo hivyo. Akajibu kwamba wenye simu hizo ni wachache. Nikamuuliza ni wachache wapi, hapa mjini au kule juu Uru na Kibosho? Akanyamaza, kisha akasema, "Haya, jaribu, lakini isile muda wa mradi mwingine."

Duka lenyewe linaruhusu. Unapandisha matoleo mawili ya programu ile ile, yote yakilenga Android 15, kila moja na sakafu yake na namba yake ya toleo. Simu inayokubali yote mawili inapewa lenye namba kubwa, kwa hiyo lile la simu mpya ndilo linalobeba namba ya juu, na simu ya Android 6 inaangukia kwenye lile la pili bila mwenyewe kujua lolote. Kazi iko kwenye kulitunza hilo la pili: maktaba zake, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa tayari, zinabaki za zamani, na kila kasoro unairekebisha mara mbili. Na kuna jambo la vyeti, vile ambavyo simu huvitumia kuhakikisha seva ni ya kweli. Simu zilizo chini ya Android 7.1.1 hazikitambui cheti cha ISRG Root X1 ambacho seva yetu inakitegemea, kwa hiyo tumekiweka ndani ya programu yenyewe. Bila hivyo ingefunguka vizuri halafu ishindwe kuleta kilo hata moja.

Jana jioni mama mdogo akapiga. Sikuwa hata nimemwambia ajaribu tena. "Zimekuja zote, mpaka za mwaka jana," akasema, akaanza kunisomea kilo zake tarehe kwa tarehe, nami nikamwacha asome mpaka mwisho. Nilifurahi kupita kiasi, majirani hapa Pasua watakuwa wamenisikia.

Akamalizia kwa kusema baba amerudi kutoka kliniki bila dawa za presha, eti foleni ilikuwa ndefu. Nimempigia tangu asubuhi, simu inaita, hapokei.