Mto Hukata Chini, Upana Una Wenyewe

Swali liliulizwa ukingoni, kabla hatujaanza kuteremka. Ilikuwa asubuhi ya Oktoba, upande wa kusini wa Grand Canyon, Arizona, na kila mtu alikuwa amebeba lita nne za maji. Kijana mmoja, mwanafunzi wa jiolojia, alikuwa ameuona mto Colorado kule chini.

"Mwalimu, mto mwembamba vile umechimbaje korongo la upana wa kilomita 16?"

"Haukulichimba lote, mwanangu. Mto ulikata kwenda chini tu. Upana una wenyewe. Shuka, utawaona."

Tulishika njia ya Bright Angel, ambayo haikupitishwa pale ovyo: inafuata ufa mkubwa wa ardhi. Kandokando ya ufa miamba ilivunjikavunjika, maji yakapata pa kupenya, na magenge ambayo kwingine yamesimama wima yakabomoka hadi pakapitika. Matabaka ya upande mmoja wa njia hayalingani na yale ya upande wa pili. Ukitazama ng'ambo, korongo la kijito cha Bright Angel limenyooka moja kwa moja, kwa sababu nalo limefuata ufa uleule.

Tabaka la juu kabisa ni chokaa ya Kaibab. Ilijikusanya chini ya bahari yapata miaka milioni 270 iliyopita, na leo iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanda huu ulianza kuinuka miaka milioni 70 hivi iliyopita, lakini ardhi kuinuka peke yake hakuleti korongo. Mto lazima upate pa chini pa kukimbilia. Ghuba ya California ilipofunguka, Colorado ukapata njia ya kufika baharini, na hiyo ni miaka milioni 5 hadi 6 tu iliyopita. Gawanya mita 1,500 za kina kwa miaka milioni 6, utapata robo ya milimita kwa mwaka. Wastani huo usikudanganye. Kuna vipande vya korongo vilivyoanza kuchimbwa zamani zaidi, na mwamba haukatwi kidogo kidogo kila siku: mto hufanya kazi kubwa wakati wa mafuriko, unapokuwa na nguvu ya kuviringisha mawe na kusaga sakafu yake.

Kuta zinashuka kama ngazi. Chokaa na miamba ya mchanga husimama wima. Miamba ya matope huliwa na kuacha mteremko. Tabaka laini likiliwa, gumu lililo juu yake hukosa egemeo na kumeguka. Majira ya baridi maji huganda ndani ya nyufa, yakatanuka kwa karibu asilimia 9, yakazidi kuzipanua. Kwenye nchi ya mvua nyingi, udongo na miti vingefunika kingo hizi zikawa mabega ya mviringo. Hapa ni jangwa, kila ukingo umebaki mkali.

Kwenye genge la Redwall mwalimu aliokota kipande kilichomeguka karibuni, akamkabidhi kijana. Nje chekundu, ndani kijivu. Chokaa ile haina wekundu wake yenyewe: ni kutu ya chuma inayooshwa na mvua kutoka matabaka ya Supai na Hermit yaliyo juu. Chini zaidi, kwenye kituo cha njiani cha Havasupai Gardens, chemchemi inatoka kwa sababu maji yaliyopenya chokaa yote yale yamekutana na mwamba wa matope usiopitisha maji, yakalazimika kutokea ubavuni.

Kisha tukafika mahali ninapopapenda kuliko pote. Mwamba wa mchanga wa Tapeats, wa miaka milioni 500 na ushei, umelala juu ya shisti ya Vishnu, mwamba uliogeuzwa na joto na mgandamizo, yenye miaka bilioni 1.7. Mpaka wao unafunikwa na kidole gumba. Chini ya kidole hicho imepotea zaidi ya miaka bilioni moja: milima iliinuka, ikamomonyoka yote, kabla bahari haijaleta mchanga wake.

Tulitokea mtoni karibu na kijito cha Pipe kinapoingilia, na wenye upana wakaonekana: vijito vya pembeni, pamoja na rundo la mawe makubwa vililolisukuma. Upande wa kaskazini umeliwa mbali zaidi kuliko wa kusini, kwa kuwa uwanda wote umeinamia kusini. Mvua ya kaskazini humiminikia korongoni, ya kusini hulikimbia. Desemba 1966 dhoruba moja kaskazini ilishusha tope na mawe kwenye kijito cha Crystal, na sehemu ya mto iliyokuwa ikivukwa bila shida kubwa ikageuka kuwa mojawapo ya sehemu za maji makali za kuogopwa. Karibu nusu ya mteremko wote wa mto humu hutokea kwenye sehemu za namna hiyo, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya urefu wake.

Tangu bwawa la Glen Canyon, lililo mtoni juu ya korongo hili, lilipofungwa mwaka 1963, maji yanakuja baridi na ya kijani, mchanga umebaki nyuma ya ukuta, na mafuriko makubwa yamezuiwa. Vijito havijazuiwa. Vinaendelea kuleta mawe, na mto hauna tena nguvu ya kuyaondoa yote.