Barabara hufia mtaroni

Masika yakikatika, Unguja na Pemba watu huanza kuhesabu mashimo, na lawama zote humwendea mkandarasi: lami nyepesi, kifusi kibovu, pesa zimeliwa. Mara nyengine ni kweli. Lakini ukilifuata shimo hadi chanzo chake, mara nyingi utafika kwenye mtaro uliozibwa, uliofukiwa, au ambao haukuwahi kuchimbwa. Sheria ya barabara naitazama kutokea hapo mtaroni, kwa sababu hapo ndipo inapofanya kazi au inaposhindwa.

Kwanza tujue sheria ya nani. Barabara hazimo katika orodha ya mambo ya Muungano kwenye Jedwali la Kwanza la Katiba ya 1977. Kwa hiyo sheria zake kwa huku hutungwa na Baraza la Wawakilishi, na kazi husimamiwa na wizara ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) yenye dhamana ya ujenzi kupitia Wakala wa Barabara. Ukitafuta mtandaoni utakutana haraka na Sheria ya Barabara ya 2007, ile iliyoisogeza hifadhi, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia mstari wa katikati. Hiyo ni sheria ya Bara. Watu huichukua wakaenda kugombana nayo na jirani wa Kinyasini au Ole, na ugomvi wote unakuwa juu ya kipimo kisichowahusu.

Anayetaka kujenga ukuta, banda la biashara au hata baraza inayotazama barabara aende Wakala na jina la barabara na mahali penyewe, aulize upana wa hifadhi pale hasa, kisha aombe mpimaji aje avute tepu kutoka katikati ya barabara na kuweka alama ardhini. Jibu alitake kwa maandishi. Asianzie kupima ukingoni mwa lami, kwani ukingo huliwa na mvua na huongezwa wakati wa ukarabati. Neno la mdomo la fundi halitamfaa siku nyumba ikipigwa alama ya X ya kubomolewa.

Sasa mtaro wenyewe. Barabara ya lami hujengwa na mgongo katikati, mwinamo wa kama asilimia 2.5: njia ya upana wa mita 3 inashuka sentimita 7 na nusu kutoka katikati hadi ukingoni. Barabara ya kifusi inahitaji zaidi, asilimia 4 hadi 6, kwa sababu uso wake hushikilia maji. Maji yakishuka pembeni yanatakiwa yakute bega, yaani ukanda wa ardhi kati ya lami na mtaro, lililo chini kidogo ya lami, halafu mtaro ambao sakafu yake iko angalau sentimita 30 chini ya tabaka la kifusi lililobeba lami. Mtaro wenye kina kifupi kuliko hapo unaweza kupitisha maji vizuri tu, huku unyevu ukiingia ubavuni na kulowesha kifusi chini ya lami bila mtu kuona kitu.

Kifusi kikilowa, nguvu hupungua. Kila gurudumu linapopita, maji yaliyonaswa chini husukumwa na kutoka na vumbi laini kupitia nyufa. Ukiona madoa meupe au mekundu ya tope juu ya lami siku ya pili baada ya mvua, ujue kifusi kinatoka. Baadaye lami inapasuka vipande vidogo vidogo vya ngozi ya mamba, kisha kipande kimoja kinang'oka na shimo limezaliwa. Kutoka mtaro kuzibwa hadi shimo la kwanza, masika mamoja yanatosha.

Na mtaro huzibwa na nani? Aghalabu ni mwenye nyumba anayetaka gari lake liingie uani. Anamwaga kifusi mtaroni na chini yake anapitisha bomba la plastiki la inchi 4, ili aseme ameweka njia ya maji. Tupige hesabu. Bomba la inchi 4 lina kipenyo cha kama milimita 110. Kalavati, yaani bomba kubwa la zege la kupitishia maji chini ya njia, la milimita 600, ambalo ndilo la kuwekwa mbele ya nyumba, lina uwazi wa karibu mara 30 ya bomba hilo, na kwa maji yanayopita tofauti ni kubwa zaidi, maana bomba jembamba lina msuguano mkubwa na jani moja la mnazi hulifunga. Maji yakifika hapo hupanda begani, hukimbia kandokando ya lami, na kuikata kutoka chini. Anayeumia ni jirani wa upande wa chini pamoja na barabara, si yule aliyemwaga kifusi.

Njia ya kuingilia nyumba inajengwa hivi. Ruhusa kwanza, kwa sababu mtaro ni sehemu ya barabara na haufuati mpaka wa kiwanja. Kwa njia ya upana wa mita 4 unahitaji makalavati ya zege yanayofikisha mita 5 hivi, ili kuta za mwisho zisibane njia. Chimba kupita sakafu ya mtaro, kwa kina cha kitanda na unene wa kalavati, weka kitanda cha zege jepesi cha sentimita 10 hadi 15, na hakikisha sakafu ya ndani ya kalavati inalingana na sakafu ya mtaro. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: hulipandisha kalavati ili wasichimbe sana, matokeo yake maji husimama nyuma yake, mchanga hutuama, na baada ya mwaka nusu ya uwazi imejaa. Mwinamo usipungue asilimia 2. Viungo vijazwe saruji, juu ya kalavati pawe na kifusi kilichoshindiliwa cha angalau sentimita 30, na kila mwisho pajengwe ukuta wa mawe na saruji ili kifusi kisiporomokee mdomoni.

Masharti hayawezi kuwa ya aina moja kwa visiwa vyote. Ukanda wa maweni wa mashariki na kusini mwa Unguja, kuelekea Paje na Makunduchi, una mwamba wa matumbawe unaonyonya maji haraka. Mtaro mrefu huko mara nyingi ni pesa za bure. Pemba ni vilima na mabonde, udongo mzito, mvua nyingi zaidi. Huko mtaro haufi kwa kujaa tu, hufa pia kwa kuchimbika hadi unakuwa korongo na kumeza bega la barabara. Dawa yake ni vizuizi vidogo vya mawe au vijiti vinavyovunja mbio za maji: mwinamo wa asilimia 5, kizuizi kila kama mita 20, wa asilimia 8, kila mita 10, wa asilimia 10, kila mita 5. Katikati ya kizuizi kiwe chini kuliko pembeni. Kikiwa sawasawa, maji huzunguka ubavuni na kuchimba pembeni, na kizuizi hubaki kimesimama peke yake.

Kisha maji hayo lazima yatolewe. Mtaro usioachia maji kila baada ya mita kadhaa unakusanya mto. Mitaro ya kutolea hupita kwenye mashamba ya watu, na hapo sheria inahitajika kweli. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ardhi Zanzibar ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na mtu ana haki ya kuitumia; lakini huku kwetu mti una mwenyewe, na mkarafuu wa mtu haung'olewi kimya kimya. Kabla ya greda kuingia, miti ihesabiwe mmoja mmoja, mikarafuu, minazi, mifenesi, kwa aina na umri, mbele ya mwenyewe na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na kila mmoja abaki na nakala. Mtaro wa kutolea uliochimbwa bila makubaliano hufukiwa usiku, na anayeufukia huona ana haki. Mimi simlaumu sana. Namlaumu aliyechora mtaro bila kwenda kuzungumza naye.

Ukataji wa lami ni jeraha jengine. Bomba la maji au waya wa umeme unavuka barabara, lami inakatwa, inarudishiwa udongo ule ule uliotoka, na baada ya wiki chache pana bonde linalogonga kila tairi. Kibali cha kukata kinatakiwa kiambatane na dhamana ya fedha itakayorudishwa baada ya masika kupita na kiraka kukaguliwa, wala isirudishwe siku kazi ilipomalizika. Kazini: lami ikatwe kwa msumeno, mstari ulionyooka, kifusi kipya kirudi kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe, na lami ya juu ikatwe upya sentimita 15 hadi 30 nje ya handaki kila upande, ili kiungo kikae juu ya ardhi isiyochimbwa. Lililo bora ni kulaza mabomba matupu ya kuvukia kabla lami haijamwagwa, hasa karibu na skuli, masoko na mitaa inayokua. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kuifumua lami mpya.

Matuta pia. Barabara inayopita msitu wa Jozani, Unguja, iliwekewa matuta kuwapunguzia kima punju, kima wa Zanzibar, vifo vya kugongwa, na yamesaidia. Lakini matuta ya zege yanayomwagwa na wanakijiji wenyewe baada ya mtoto kugongwa, pamoja na uchungu wote uliomo, huziba maji kutoka ukingo hadi ukingo. Bwawa linakaa nyuma ya tuta, lami inalowa, na ndani ya msimu mmoja pana shimo kabla ya tuta, madereva wanalikwepa kwa kupita begani wanakopita watoto. Tuta liache nafasi ya maji pande zote mbili. Ombi la tuta lipelekwe kwa maandishi, na wenye mamlaka walijibu haraka, kwani ucheleweshaji ndio unaozaa matuta ya kujitengenezea.

Juu ya uzito nitasema kidogo. Majaribio ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionesha kwamba madhara ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ya tani 12 huiumiza lami karibu mara 5 ya ekseli ya tani 8. Lori la mchanga lililojazwa kupita kiasi halimchoshi injini tu. Linakula miaka ya barabara ambayo daladala mia hazingeila.

Madaraja na makalavati makubwa yanataka jicho la kila mwaka, mara tu baada ya masika, kabla mto haujafunikwa na majani. Mkaguzi ashuke chini. Juu ya daraja hakuna cha kuona. Atazame kama maji yamechimba chini ya msingi, kama magogo yamenasa kwenye nguzo, kama matundu ya kutolea maji yameziba, na kama kuna madoa ya kutu kwenye zege. Karibu na bahari na mikoko doa la kutu ni habari nzito: chumvi imeshafika kwenye nondo, nondo inavimba, na zege litapasuka na kumeguka. Ndiyo maana nondo zifunikwe na zege la angalau sentimita 5, na mchanga wa bahari usioshwa usiingie kwenye mchanganyiko. Uchimbaji wa mchanga na mawe kwenye mkondo karibu na daraja upigwe marufuku bila huruma, kwa sababu sakafu ya mto ikishuka nusu mita, msingi unabaki wazi. Kibonde Mzungu na Mwanakwerekwe, sehemu za Unguja zilizokuwa zikifurika, zilitufundisha kwa miaka mingi kwamba pale maji yanapokusanyika hapatoshi kuongeza lami. Lazima barabara inyanyuliwe na maji yapewe njia.

Mfuko wa Barabara hupata fedha kutokana na tozo ya mafuta, na kazi yake ni matengenezo. Katika matengenezo, kazi ya mwanzo kulipiwa iwe usafi wa mitaro na makalavati: Februari kabla ya masika, Septemba kabla ya vuli. Tope lililochotwa lisiachwe ukingoni. Mvua ya kwanza hulirudisha lote. Lichukuliwe kwa toroli lipelekwe upande wa chini. Na shimo lisizibwe kabla mtaro wake haujafunguliwa. Baada ya hapo ndipo likatwe mraba hadi kwenye kifusi kigumu na kikavu, lipakwe lami ya maji, lijazwe kwa matabaka ya sentimita 7 hadi 10, na uso wake ubaki juu milimita 5 hivi ili magari yaushushe.

Anayetaka kulalamikia mtaro uliozibwa aandike barua fupi: jina la barabara, upande wa kushoto au kulia ukitokea mjini, umbali kutoka alama inayojulikana kama msikiti au kituo cha daladala, tarehe na saa ya mvua, na picha mbili, moja maji yakiwa yamesimama na nyengine siku ya ukavu ikionesha kinachoziba. Asimtaje jirani kwa ugomvi. Ataje kitu kilichoziba na vipimo vyake. Nakala moja Wakala, moja Baraza la Mji au Halmashauri ya wilaya, moja kwa sheha, na ya nne abaki nayo mwenyewe ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.