Andikeni kwa Jina Langu

Alhamisi ya kwanza ya Desemba 2023, Dani alichukua daftari la chama chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, akafungua ukurasa wa Oktoba, akauinua mkabala na dirisha. Mwanga ukapenya mahali patatu. Hapo ndipo nilipokuwa nimekwangua tarakimu kwa wembe, ule ule ninaofumulia mishono, na karatasi ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Daftari likiwa mezani huoni kitu. Ukiliinua kwenye mwanga unaona karatasi imenyanyuka vinyweleo, na wino mpya umejinywea pembeni.

Tulikuwa wanawake 18 sebuleni mwake, Manyatta, hapa Kisumu. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Hakuna aliyeigusa.

Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na ndivyo sote tunavyomwita ingawa si nyanya yetu. Mimi ni mtu wa Vihiga niliyeolewa huku, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumba yetu. Nashona nguo karibu na soko la Kibuye. Wakati huo nilikuwa mweka hazina wa chama.

Ilivyokuwa ni hivi. Waliokopa walikuwa wananitumia marejesho kwa simu katikati ya wiki, nami nazitoa Alhamisi tukikutana, zinahesabiwa mbele ya watu, zinaingia sandukuni. Mwezi wa Juni nilibakiza 3,000. Nilijiambia ni mkopo kama mikopo mingine, tofauti ni kwamba sijauandikisha tu. Julai nikafunika 3,000 hizo kwa marejesho ya mtu mwingine, nikachukua 5,000. Kufikia Novemba zilikuwa 27,400. Na sikuwa na njaa. Hili nalisema wazi kwa sababu watu wamejaribu kunitafutia kisingizio kwa wema wao. Karo ilikuwa imelipwa, unga ulikuwepo. Nilitaka ovaloki, mashine ya kupiga pindo, kwa sababu fundi wa kibanda cha pili alikuwa nayo na wateja wangu walikuwa wanavuka kwenda kwake.

Na wakati huo wote nilikuwa nimeokoka. Jumatano kwenye ushirika nilisimama na wenzangu nikasema, "Bwana asifiwe, nimeokoka na nampenda Yesu kama Mwokozi wangu." Nilifagia kanisa kila Jumamosi. Nilifunga na kuomba. Pesa za chama nilizitolea fungu la kumi: katika zile 5,000 za Julai, 500 zilikwenda kwenye bahasha ya kanisa, na jina langu juu yake. Kadiri upungufu ulivyokua ndivyo nilivyozidi kufagia. Sasa naona nilichokuwa nafanya. Nilikuwa na daftari la pili, la mimi na Mungu, na humo pia nilikuwa nafunika shimo moja kwa kuchimba jingine.

Aya ya Warumi 3:23 niliijua tangu shule ya Jumapili: "kwa sababu wote wamefanya dhambi, na kupungukiwa na utukufu wa Mungu." Nimeikariri miaka mingi, lakini neno "kupungukiwa" sikuwahi kulisikia hadi nilipokuwa mweka hazina mwenye upungufu. Kila mtu aliyewahi kushika pesa za watu analijua neno hilo tumboni. Unahesabu, hazitoshi. Unahesabu tena, polepole, ukitumaini noti mbili zilishikana, na bado hazitoshi. Ukiwa peke yako usiku unajua hazitatosha hata ukihesabu hadi asubuhi, kwa sababu tatizo haliko kwenye kuhesabu.

Mimi nilidhani dhambi ni matendo, hili na lile, kila moja na bei yake, na ukitenda mema ya kutosha mizani inarudi sawa. Kuna mtu mmoja aliyenisaidia hapa, naye ni Mwafrika wa zamani sana, Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 na kufa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, mji wa pwani ya nchi tunayoiita Algeria leo. Alieleza kwamba akiwa kijana wa miaka 16, yeye na wenzake waliiba mapeari kwenye mti wa jirani usiku. Hawakuwa na njaa. Kwao kulikuwa na mapeari mazuri kuliko hayo. Waliyaonja kidogo, mengine wakawatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu mwenye heshima zake, bado yale mapeari yanamsumbua, kwa sababu alipojiuliza kwa nini aliiba hakupata sababu nje ya moyo wake. Aliupenda wizi wenyewe. Ndiyo maana alibishana vikali na Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu ana nguvu ndani yake za kuishi bila dhambi akiamua tu. Agostino alisema utashi wenyewe ndio mgonjwa. Ni kama kumwambia mtu aliyevunjika mguu asimame aende hospitali kwa miguu.

Nami niliamua, Mungu ni shahidi. Agosti niliamua. Septemba niliamua nikilia. Oktoba nikashika wembe.

Basi Dani akashusha ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari wa pili. "Nyar Maragoli," akaniita, yaani binti wa Maragoli, "hapa palikuwa na nini?"

Uongo nilikuwa nao tayari. Ningesema mtoto alimwaga maji, nikajaribu kukausha. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi njiani. Nilifungua mdomo kuusema, ikatoka, "Saba. Palikuwa na saba, nikafanya moja."

Halafu yote yakatoka, kwa mfululizo, hadi ile ya Juni ambayo hakuna mtu angeigundua.

Sitaipamba sehemu inayofuata. Palikuwa na kelele. Kuna mama alikuwa anategemea mgao wa Desemba kumpeleka mtoto kidato cha kwanza, akalia kwa sauti. Mwingine akasema twende kwa chifu sasa hivi. Mwingine akasema kwanza mashine ichukuliwe. Walikuwa na haki, wote. Mtu asije kuniambia walipaswa kunisamehe haraka kwa sababu wameokoka. Ile hasira ilikuwa kweli tupu, na mtu asiyeisikia hasira hiyo haijui dhambi inafanya nini kwa watu.

Dani aliwaacha wakamaliza. Kisha akamwambia katibu, "Upungufu wote, uandike kwa jina langu."

Katibu akaweka kalamu chini. "Dani, wewe hukuiba."

"Najua. Andika."

Mgao wake mwaka huo ulikuwa 29,000. Aliweka 500 kila Alhamisi, hela za omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa amewaambia wote kwamba zitanunua mabati ya nyumba yake kule Seme, kwa sababu paa la zamani lilikuwa limeoza na mvua za Machi zilimkuta na mabeseni sakafuni. Katibu akaandika. Siku ya kugawana Dani alisaini akapokea 1,600, akazikunja, akazitia kwenye leso, akafunga fundo.

Usiku huo sikulala, na sikuwa na furaha. Watu husimulia neema kama kitu kinachoingia na kicheko. Mimi iliniingia kama aibu kwanza, kwa sababu nilielewa bei. Tumezoea kusema wokovu ni bure. Ni bure kwangu mimi, ndiyo. Yeye ulimgharimu paa.

Jirani yangu wa kibandani, mama wa Kaloleni, ni Mwislamu, mwanamke ninayemheshimu sana. Nilipomsimulia aliniuliza swali ambalo najua wengi wanalo: kwani Mungu, mwingi wa rehema, hawezi kusamehe tu akitaka, bila mtu kufa msalabani? Nilifikiri siku mbili kabla ya kumjibu. Nikamwambia, zile 27,400 zisingeyeyuka hata wale wanawake wangesema "yameisha". Wangesema hivyo, kila mmoja angerudi nyumbani na kidogo kuliko haki yake, na yule mtoto angekosa sanduku la shule. Kusamehe deni ni kulibeba. Swali ni nani anayelibeba. Sisi tunaamini kwamba Mungu hakulitupa kwa mtu wa tatu, alikuja mwenyewe ndani ya Kristo akasema liandikwe kwake. Hakukubaliana nami, na hakujifanya kukubali. Aliniongeza chai, tukaendelea kukata vitambaa.

Wiki chache baadaye nikasoma Filemoni, ile barua fupi ambayo wahubiri huipita. Paulo yuko kifungoni, anamwandikia rafiki yake juu ya Onesimo, mtumwa aliyeachana na bwana wake. Mstari wa 18 ukanisimamisha: "Na kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu." Na unaofuata: "nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa." Nilikaa na Biblia mapajani nikamwona Dani na katibu na ile kalamu.

Nilikuja kujua kwamba Dani hakubuni jambo lile asubuhi ile. Mama yake aliokoka katika ule uamsho ulioanzia Rwanda ukaenea Uganda hadi huku kwetu, ukafika Maseno mwishoni mwa miaka ya 1930. Ndugu wa uamsho walikuwa na desturi ya kuiweka dhambi nuruni, na kuitaja kwa jina lake. Hukusema "Mungu anisamehe mapungufu yangu"; ulisema niliiba jembe, na jembe ulilirudisha. Kwetu Vihiga nililelewa na nyanya yangu katika Marafiki, yaani Quakers, wale wa misheni ya Kaimosi iliyoanza mwaka 1902. Wao hawabatizi kwa maji, na ibadani huwa na muda wa kukaa kimya wakimngoja Roho. Nilipenda ule ukimya. Lakini mtu unaweza kujificha kwenye ukimya, kama nilivyojificha baadaye kwenye kelele za sifa.

Februari nikapata 2,000, nikampelekea Dani. Akazitazama mkononi mwangu bila kuzipokea.

"Hizi za nini?"

"Za kulipa, Dani."

"Za kulipa, rudi nazo. Deni liliandikwa kwangu, nikalimaliza. Unataka kulifufua?" Kisha akaniambia niketi. "Lakini kama unaona nyumba yangu inavuja na inakuuma, nyathina, mwanangu, lete bati."

Nimeyatafakari maneno hayo kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia. Zakayo, yule mtoza ushuru katika Luka 19, ni hivyo hivyo. Yesu alimwita ashuke mtini, akasema atashinda nyumbani mwake, kabla hajarudisha hata senti. Ndipo Zakayo akasimama na kusema atarudisha mara nne. Ukiugeuza mpangilio huo, ukaweka kurudisha kwanza na Yesu baadaye, umeiharibu Injili yote, hata kama maneno yamebaki yale yale. Waefeso 2:8 na 9 tunazijua: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Ya 10 tunaisahau, ile isemayo kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Matendo yapo. Yamekaa nyuma ya neema, yanaifuata.

Kwa hiyo naumia ninaposikia mimbarani kwamba mtu apande mbegu ya 1,000 ili Mungu amfungulie. Kuna mjane ameketi pale anayejua hesabu yake haitoshi, anasikia kumbe hata mbinguni kuna ada ya kuingilia. Nilishatia pesa kwenye bahasha ili Mungu asiniangalie. Najua mtu anayefanya hivyo analala vipi.

Na neema haikunirudishia ufunguo. Hili wengine wanalichanganya. Mweka hazina ni mwingine, na ndivyo inavyofaa. Mwaka mzima nilikaa nyuma karibu na mlango, na yule mama wa kidato cha kwanza alichukua miezi saba kunisalimia. Alipoanza kunisalimia, sikuuliza kwa nini.

Kijaluo kina neno moja, ng'wono, ambalo Biblia yao hulitumia pale ambapo yetu inasema neema. Dani hulitumia pia kwa mambo madogo, kama mtu aliyekupisha kiti kwenye matatu. Nilimuuliza kama halishushi neno kubwa namna hiyo. Akasema limetoka kwa Mungu kuja kukaa kwenye matatu, shida iko wapi?

Ovaloki bado ninayo. Nilitaka kuiuza, Dani akakataa, akasema nitanunulia nini mabati. Mwezi ukiwa mzuri nanunua bati moja, namlipa utingo nauli yake, linafungwa juu ya gari la Bondo, nashukia Holo na kutafuta bodaboda wa kunisindikiza polepole, tukilishika huku na huku upepo usilibebe. Zinahitajika 24. Fundi amekwisha kuezeka upande wa chumba cha kulala, na yale mabeseni Dani anafulia sasa.

Yeye hajawahi kuniuliza yamefika mangapi. Jumamosi hii napeleka la 17.