Siku Moja na Mota Inayolia, Mafinga

Saa 12:30 asubuhi, ukungu ukiwa bado umeifunika misitu ya Sao Hill, nilifika kwenye kiwanda cha kupasua mbao ambako mota ya kilowati 15 ilikuwa ikilia tangu nyaya zake za ndani ziliposukwa upya na fundi mwingine. Beringi zilikuwa zimebadilishwa mara mbili, bila faida. Niliegemeza bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha beringi, mpini ukiwa sikioni, nikasikia beringi inazunguka vizuri. Kisha nikaomba umeme ukatwe. Mlio ulikoma papo hapo, ilhali rota, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, ilikuwa bado na kasi. Kelele ya beringi, feni au puli iliyoelemea upande mmoja ingepungua taratibu pamoja na mwendo. Hii iliyokatika ghafla ilikuwa ya sumaku.

Saa 4 tuliifungua karakanani. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa kila mzunguko sumaku huvuta chuma mara mbili, ndiyo maana kila mota hutikisika mara 100 kwa sekunde. Mbunifu hawezi kuufuta mtikisiko huo, ila huudhibiti kwa unene wa chuma, kwa idadi ya sloti (mifereji) za rota na za stata, yaani sehemu ya nje isiyozunguka, na kwa kufupisha hatua ya koili, yaani idadi ya sloti kutoka upande mmoja wa koili hadi wa pili. Stata hii ina sloti 36 na ncha 4 za sumaku. Daftari langu, ambamo niliwahi kuchora mota ya aina hiyohiyo kabla haijaguswa, lilionyesha hatua ya sloti 7. Fundi aliyetangulia alisuka kwa hatua kamili ya 9, akayaachia mawimbi ya ziada ya sumaku, hasa la tano (lenye mawimbi matano ndani ya wimbi kuu moja), nguvu ambayo mtengenezaji wa mota alikuwa ameipunguza. Simlaumu sana, kwa kuwa 9 ni rahisi kuhesabu.

Mchana nilinyanyuka mara moja tu, kuweka kipande cha bati chini ya mguu wa mota ya kinu cha jirani uliokuwa hauukalii msingi.

Saa 9 mwanafunzi wangu aliuliza, “Fundi, mbona vyuma vya rota vimekaa mshazari?” Nilimwonyesha kwa vidole kwamba vingenyooka, kila kimoja kingekutana na jino la stata kwa urefu wake wote kwa mpigo mmoja, lakini vikiinama hulipita kidogo kidogo na mvuto haushtuki.

Giza lilituingilia tukiwa tumeshaingiza koili 12 kati ya 36, zote kwa hatua ya 7.