Mbonyeo mdogo chini ya lehemu

Ukiliondolea mapambo, dai la 1, yaani sentensi ya kwanza inayochora mpaka wa kile mwombaji anachotaka kilindwe, katika karibu kila ombi la hataza (patent) la mtambo wa kusogeza lenzi, linasema hivi: kuna sehemu iliyotulia, kuna sehemu inayosogea ikiwa imebeba lenzi, na kuna kitu kinachoisukuma. Limekwisha. Kwa maneno hayo kamera ya simu yako imo, na hata Konica C35 AF ya mwaka 1977, kamera ya kwanza ya fokasi ya kujiendesha kuundwa kwa wingi, imo pia.

Sikasiriki nikilisoma. Wakala wa mwombaji aliyeliandika anajua litakataliwa, nami najua kwamba anajua. Hiyo ni bei ya kwanza ya muuzaji. Mazungumzo yenyewe yako mbele, kwenye madai tegemezi, yale yanayolirejea dai la awali na kuliongezea sharti, na mara nyingi kwenye sentensi moja iliyofichwa katikati ya maelezo ambayo hata mwombaji amesahau kuwa aliiandika.

Mimi ni mchunguzi wa hataza. Mafaili yanayoniangukia ni ya makundi ya uainishaji wa hataza G02B 7/08 na 7/09, yaani vishikilia lenzi vinavyoendeshwa na mtambo, pamoja na jamaa zake: G03B 13/36 kwa fokasi ya kujiendesha, G03B 5/00 kwa kutuliza picha, na H02K 41/035 kwa mota zenyewe. Ukitafuta katika kundi moja tu kati ya hayo, umetafuta nusu. Mtu wa optiki huiita kazi yake lenzi, mtu wa umeme huiita kazi ileile mota, na kila mmoja huipeleka kwenye rafu yake.

Ombi nitakalolieleza nimelishona kwa vipande vya maombi mengi. Maombi huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kipaumbele, na tangu hapo ni ya kusomwa na yeyote, lakini sitaki mtu ajitambue humu.

Kwanza mtambo wenyewe. Simu nyingi hutumia mota ya koili ya sauti, ndugu ya ile inayotikisa karatasi ya spika. Koili imezungushwa kwenye kishikilia lenzi, sumaku zimepangwa pembeni, na umeme ukipita katika koili, nguvu ya Lorentz huisukuma lenzi juu au chini kwenye mhimili wake. Juu na chini ya kishikilia kuna springi bapa, nyembamba mno, zenye mikono iliyopindapinda. Umeme ukikatika, springi huirudisha lenzi mahali pake. Springi ya chini ina kazi ya pili: hukatwa vipande viwili visivyogusana, kimoja kikaleta umeme kwenye koili na kingine kikautoa. Kwa hiyo kipande kilekile cha chuma ni mwongozo na ni waya.

Mimi husoma dai nikiwa na penseli za rangi. Nyekundu kwa kilichotulia, bluu kwa kinachosogea, kijani kwa kinachopitisha umeme. Springi hupata rangi zote tatu: ukingo wake wa nje umeshikwa na kitako, wa ndani umeshikwa na kishikilia, na mwili mzima unapitisha mkondo. Dai likiwa limeandikwa vibaya, rangi hugongana hapo hapo. Utakuta springi imehesabiwa ndani ya sehemu iliyotulia, kisha mistari mitatu chini inaambiwa isogee pamoja na lenzi. Michoro siitazami hadi dai liishe. Ukianza na michoro, akili huanza kulijazia dai mambo ambayo halikusema.

Umbali unaozungumziwa ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 4. Kutoka kutazama mlima wa mbali hadi kutazama maandishi yaliyo sentimita 10 mbele yake, inahitaji kusogea takriban milimita 0.17. Safari yote ni hiyo. Ndiyo maana watu wa fani hii hugombea hataza za vitu ambavyo mtu wa nje angecheka akivisikia.

Kama lehemu. Ncha mbili za waya wa koili huzungushwa kwenye viguzo viwili vilivyo chini ya kishikilia, kisha hulehemiwa kwenye springi ya chini. Lehemu ikipoa huacha nundu inayoning'inia kuelekea kitako. Nundu ya milimita 0.1 ni zaidi ya nusu ya safari niliyoitaja. Una njia mbili: unyanyue kishikilia kizima ili nundu isigonge kitako, na kamera inenepe, au utafute pa kuiweka. Ombi langu la mfano lilichagua ya pili. Dai la 3 lilisema kitako kina mbonyeo, na ukitazama kwa kufuata mhimili wa lenzi, mbonyeo huo na lehemu vinapishana.

Dai la 1 lilianguka bila jasho. La 3 lilinipeleka kwenye chapisho la zamani la Kijapani. Sehemu kubwa ya teknolojia iliyotangulia katika eneo hili imeandikwa kwa Kijapani, Kikorea na Kichina, nasi huisoma kwa tafsiri ya mashine, ambayo huweza kuigeuza springi kuwa chemchemi ya maji pasipo kuona haya. Hapo mchoro huwa mkombozi. Mchoro wa mkato wa chapisho lile ulionyesha kitako, mbonyeo kwenye kona yake, na juu ya mbonyeo, kiguzo chenye nundu ya lehemu. Maelezo yake yalisema mbonyeo ni wa kudakia gundi inayofurika wakati ukingo wa nje wa springi unapobandikwa kwenye kitako. Kuhusu lehemu kuwa juu yake hayakutaja neno.

Nikaandika kwamba dai la 3 si jipya. Jibu likaja na hoja mbili zilizofungwa pamoja, nami nikalazimika kuzitenganisha, kwa sababu moja ilikuwa dhaifu na nyingine ilikuwa nzuri.

Hoja dhaifu ilikuwa kwamba mbonyeo wa chapisho la zamani ni wa gundi ilhali wao ni wa lehemu. Dai la kifaa halisomwi hivyo. Kifaa chenye mbonyeo chini ya lehemu ni kifaa chenye mbonyeo chini ya lehemu, hata kama aliyekichora wa kwanza alikuwa akiwaza gundi, au hakuwaza chochote. Mapya katika kifaa ni umbo na mpangilio. Nia ya fundi haionekani ukikifungua.

Hoja nzuri ilikuwa juu ya mchoro wenyewe. Wakala aliuliza: mchoro usio na vipimo, usiosemewa na maelezo, unaweza kusema kiasi gani? Hili ni swali ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii. Kanuni inayofuatwa Ulaya, na Marekani kwa maneno mengine, ni kwamba huwezi kuchukua rula ukapima mchoro wa hataza kisha ukadai umepata kipimo, kwa kuwa michoro hiyo haichorwi kwa mizani. Lakini haimaanishi kwamba mchoro ni bubu. Kwamba kitu kimoja kiko juu ya kingine, mtu wa fani, yaani mtaalamu wa kawaida wa eneo hilo, anakiona moja kwa moja. Kwamba nafasi kati yao inatosha lehemu kuingia, hakioni, maana hapo tayari ameshika rula. Kwa hiyo nilibaki na msimamo wangu juu ya kupishana, na papo hapo nikawa nimewaonyesha mlango: chapisho la zamani lilichora lenzi ikiwa imetulia, na halikuonyesha popote hali ya lenzi ikiwa chini kabisa.

Waliuona. Dai lililorekebishwa lilisema kwamba sehemu inayosogea ikifika mwisho wa chini wa safari yake, angalau sehemu ya lehemu huwa ndani ya mbonyeo.

Sasa kipimo kilekile kikageukia kwao. Kifungu cha 123(2) cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya kinakataza dai kurekebishwa likavuka yale yaliyokuwemo katika ombi lilipowasilishwa, na sheria ya Marekani nayo inakataza jambo jipya kuingizwa baadaye. Kama lehemu kuingia ndani ya mbonyeo ilikuwa katika mchoro wao tu, nao ukiwa hauna mizani kama ule wa Kijapani, ningewakatalia. Huwezi kuuzuia mchoro wa mwenzako usiseme kisha wako ukaupa kinywa. Kilichowaokoa ni sentensi moja katika maelezo, mwishoni mwa aya ndefu kuhusu rangi ya plastiki ya kitako, iliyosema kwamba lehemu inaweza kuingia katika mbonyeo lenzi inaposhuka, na hivyo urefu wa mtambo ukapungua. Sijui ni mhandisi gani aliyeikazania ile sentensi. Ningependa kumpa mkono.

Nasema hivi kwa sababu kuna kesi ninayowatajia wachunguzi wapya hadi wamechoka nayo: Graham dhidi ya John Deere, Mahakama ya Juu ya Marekani, 1966. Ilihusu plau. Graham alikuwa na hataza ya kibano chenye springi kinachouachia mkono wa plau uinuke unapogonga jiwe. Kisha akapata hataza ya pili ambamo, pamoja na mabadiliko ya kufunga boliti, mkono ule ulihamishwa kutoka juu ya bamba la bawaba hadi chini yake. Mahakamani upande wake ulieleza kwamba kwa kuhama huko mkono unapata kupinda kwa urefu wake wote na kunyonya mshtuko. Huenda ilikuwa kweli. Lakini mahakama ilikumbusha kwamba hoja ya kupinda haikutolewa kabisa katika ofisi ya hataza, wala haikuwa katika madai, na hataza ikabatilishwa kwa kuwa badiliko lilikuwa la wazi kwa mtu wa fani. Kuhamisha kitu kutoka juu kwenda chini ndiyo shughuli ya kila siku ya watu wa mitambo ya lenzi. Sumaku kutoka ubavuni kwenda konani, sensa ya Hall, inayopima uga wa sumaku, kutoka kitakoni kwenda ukutani. Kila uhamisho una sababu, na wengi hawaiandiki, kana kwamba ni siri ya familia.

Turudi kwenye faili. Upya ulikuwa umepatikana. Ikabaki hatua ya uvumbuzi, yaani kama badiliko halikuwa la wazi kwa mtu wa fani. Mtu wa fani aliye na chapisho la Kijapani mkononi, anayetaka kupunguza unene, je, asingeiacha tu lehemu izame ndani ya mbonyeo uliokwishakuwepo? Ningeweza kuandika hivyo na ingesikika vizuri. Mbinu ya Ulaya inataka zaidi: si kama angeweza, bali kama angefanya.

Tukafanya kikao kwa video. Wakala aliongea kwa adabu na kwa urefu, mhandisi wao akiwa kimya pembeni. Kisha mhandisi akaomba nafasi.

"Ndugu mchunguzi," alisema, "ule mbonyeo wao una gundi ndani."

Akanyamaza, na haikuhitajika zaidi. Mbonyeo uliotengenezwa kudaka gundi, ukifanya kazi yake, unajaa gundi. Gundi ikikauka inakuwa sakafu. Fundi anayefuata chapisho lile akiishusha lehemu mle ataigongesha kwenye sakafu hiyo, na hatajua itakuwa na kimo gani, kwa sababu gundi hufurika kiasi tofauti katika kila kipande. Chapisho la zamani lilikuwa linamwambia mtu wa fani auache mbonyeo ule kwa ajili ya kitu kingine. Ile nia ya fundi niliyoikataza kuingia kwa mlango wa upya ikaingia kihalali kwa mlango wa hatua ya uvumbuzi. Nikalikubali dai.

Kuna sehemu ninayotofautiana na wakala yule hadi leo. Dai la 7 lilisema ndani ya mbonyeo kuna jeli laini, na lehemu inaigusa jeli hiyo katika safari yote. Lenzi iliyoning'inizwa kwenye springi hutetemeka mkondo unapobadilika, na mpaka itulie, picha haijakaa sawa. Jeli ya kupunguza mtetemo inajulikana. Hubandikwa sehemu mbalimbali, na kwa kawaida huhitaji kijipande cha plastiki kilichotengenezwa mahususi ili kichovye ndani yake. Hawa waliichukua ile nundu ya lehemu, takataka ya kiwandani ambayo kila mtu anahangaika kuikwepa, wakaifanya kuwa hicho kijipande. Utafutaji wangu haukuleta kitu cha karibu nalo, si kwa lenzi wala kwa mota.

Niliandika tangu barua ya kwanza kwamba dai la 7 halina pingamizi. Wakala hakuligusa, wala hakulipandisha kuwa dai la kujitegemea. Nikikaa upande wake naelewa: dai la jeli mshindani analikwepa kwa kuiacha jeli, ilhali dai la lehemu kuzama linamnasa kila anayetaka kamera nyembamba. Yeye alikuwa akipima ukubwa wa uzio. Dai la 7 likapita likiwa tegemezi, mstari na nusu, nyuma ya madai mawili yanayohusu unene wa kifuniko.